Mgongo Haujui Ulichoegemea

Mgongo haujui ulichoegemea. Ndivyo alivyosema Kindole asubuhi hii kwenye mizani ya chai, msimamizi alipomuuliza imekuwaje Mgaya, anayelala naye chumba kimoja, augue siku tatu bila yeye kujua. Watu wakaitikia kwa vichwa, wengine wakacheka, na mambo yakaishia hapo. Sasa mvua imewafukuza shambani, mmekuja kuota moto kwangu, na Witnesi ananiuliza maneno hayo yalitoka wapi, maana amesikia kwamba yalitoka katika nyumba hii. Ni kweli, yalitoka humu. Na kila ninaposikia yakisemwa nusu namna ile, roho huniuma. Chukueni visu mmenye viazi, mikono isikae bure. Wewe Kindole baki hapo hapo mlangoni ulipoegemea.

Methali hii ina mwanzo wake, nao ni huu.

Kaka yangu aliitwa Zabloni Luvanda. Kazi yake ilikuwa kupasua kuni za kukaushia chai kiwandani, na Jumapili alikuwa mwimbishaji wa kwaya. Alikuwa na sauti ambayo ukichelewa ibada, ukiwa bado ng'ambo ya bonde, ulijua wamefika ubeti wa ngapi. Rafiki yake alikuwa Mdemu, huyo mnayemwona kwenye picha ukutani, ambaye ninyi mlimkuta mzee na mkamwita babu. Walichunga mbuzi pamoja, wakabatizwa siku moja, wakaandikishwa kazi siku moja. Lakini kilichowashikanisha zaidi kuliko hayo yote ni uvuvi wa besi.

Mnalijua Ziwa Lyambeho, lile lililo chini ya mashamba ya mwisho. Ni dogo, jeusi, limezungukwa na matete, na miezi ya baridi ukungu hulilalia mpaka saa nne. Wazungu wa kwanza wa chai walimwaga humo samaki wao waitwao besi. Ana mgongo wa kijani na kinywa kipana cha kumeza chura mzima. Huyu haendi kwenye wavu kwa urahisi. Hujibanza kwenye mizizi ya matete akingoja, nawe lazima umtupie chambo mbele ya uso wake, kwa fimbo ya mwanzi na mkono mtulivu. Akikasirika huruka juu ya maji na kurudi kwa kishindo. Kikumbukeni kishindo hicho, tutakirudia.

Mitumbwi ya pale ilikuwa myembamba, na ubao wa kukalia ulikuwa mmoja tu, katikati. Wavuvi wawili waliketi mgongo kwa mgongo, kila mmoja akitazama upande wake. Hivyo mtumbwi ulisawazika, ndoana hazikuwaingia machoni, na kila mgongo ulipata joto la mwenzake. Hawakuongea, kwa kuwa besi husikia. Lakini palikuwa na sheria moja. Ukimpata samaki, kabla ya kumtia kwenye tenga, unageuka na kumwonyesha mwenzako usoni, naye anasema, "Nimemwona." Samaki asiyeonwa haliwi. Watu wa kiwandani walidhani ni majivuno ya wavuvi. Waliozaliwa pale walijua kwamba sheria ile haikuwekwa kwa ajili ya samaki.

Palikuwa na desturi nyingine, ambayo siku hizi mnaicheka. Mtu akienda kuvua peke yake, aliweka jiwe kwenye nusu ya pili ya ubao. Ukiuliza, wazee walikwambia ni kwa ajili ya uzito. Ukiuliza mara ya pili, walikwambia Lyambeho halipendi kuona nafasi tupu. Hakuna aliyeuliza mara ya tatu.

Basi Mdemu alinichumbia mimi. Posa ilikubaliwa, harusi ikapangwa Jumamosi moja ya mwezi wa saba. Shangazi zangu, ambao walikuwa na ndimi kali kuliko visu mlivyoshika, wakamwambia, "Wewe kila siku unajisifu kwa besi. Tuletee kumi kwenye meza ya wazee, tuone kama unavua au unasimulia." Ulikuwa utani wa shangazi kwa bwana harusi. Lakini Mdemu alikuwa mtu wa kuona haya, na mtu wa kuona haya hafahamu utani. Alhamisi alfajiri alikuja kumchukua kaka yangu.

Niliwapa viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa. Nikasema, "Kaka, ukungu ni mzito. Ngojeni kidogo papambazuke vizuri."

Zabloni akacheka. Alikuwa amevaa koti lake zito la jeshi na viatu vya mvua vya kampuni. "Mwambie mchumba wako. Mimi nasindikiza tu."

Mdemu akasema, "Jua likitoka besi wanashuka chini. Nikikosa leo, Jumamosi shangazi zako watanitia kwenye nyimbo."

"Watakutia tu, shemeji, hata ukiwaletea nyangumi," Zabloni akamjibu. Ile ilikuwa mara ya kwanza kumwita shemeji, na nakumbuka Mdemu aliinama akijifanya kufunga viatu ili tusimwone alivyofurahi.

Haya yanayofuata niliambiwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na sikuongeza chumvi.

Waliingia majini kukiwa na mwanga hafifu. Wakapiga kasia mpaka matete ya upande wa mashariki, wakaketi mgongo kwa mgongo, wakatupa ndoana. Baada ya muda Mdemu akapata besi. Akageuka, akamwonyesha. Zabloni akasema, "Nimemwona." Akapata wa pili, akageuka, Zabloni akasema tena, "Nimemwona." Kisha ukungu ukashuka, mzito kiasi kwamba Mdemu hakuiona ncha ya fimbo yake mwenyewe.

Ndipo akasikia kishindo nyuma yake. Maji yaliruka, yakatulia. Mdemu akafurahi, akijua kwamba huyo ni besi mkubwa anacheza upande wa Zabloni. Mtumbwi haukuyumba hata kidogo. Mgongo wa mwenzake ulikuwa pale pale, umemwegemea.

Kuanzia hapo samaki wakaanza kula isivyo kawaida. Wa tatu alishika chambo kabla hakijazama. Mdemu hakugeuka. Alimwinua samaki juu ya bega lake mwenyewe, upande wa nyuma, akingoja kuambiwa "Nimemwona." Hakusikia neno. Alihisi tu mgongo ule ukimsukuma kidogo, naye akauhesabu msukumo huo kuwa ndiyo jibu. Wa nne akamwinua hivyo hivyo, akasukumwa. Wa tano hakumwinua kabisa.

Ubaridi ulianza akiwa kwenye wa sita. Kwanza ulikuwa unyevunyevu kati ya mabega, akadhani koti la Zabloni limelowa ukungu. Halafu ukapenya koti lake, ukapenya shati, ukashuka kiunoni. Mgongo ule ulikuwa mzito kuliko mwanzo, na ulinuka tope la chini ziwani. Kwa wa saba akanong'ona, "Shemeji, umelala?" Hakujibiwa. Lakini alihisi mgongo ule ukipanda taratibu, namna mtu anavyovuta pumzi ndefu, kisha ukashuka, na haukupanda tena. Akangoja uinuke tena. Wakati akingoja, wa nane akashika chambo.

Mnaniuliza kwa macho kwa nini hakugeuka. Nami nilimuuliza hivyo hivyo, mtafika hapo.

Alikuwa na wanane, kisha tisa. Akatupa ndoana kwa ajili ya wa kumi, kamba ikavutwa kwa nguvu ambayo hakuwahi kuiona katika maisha yake, na fimbo ikapinda mpaka majini. Wakati huo huo akasikia sauti. Haikutoka nyuma yake. Ilitoka mbele, ndani ya matete, chini kabisa karibu na maji, nyembamba na imekwisha.

"Shemeji."

Ilikuwa sauti ya Zabloni. Na mgongo bado ulikuwa umemwegemea.

Wote mnadhani aliiacha fimbo akapiga kelele. Hata mimi kwa siku moja nzima nilidhani hivyo, maana ndivyo alivyotusimulia. Kwamba aliposikia tu aligeuka, akakuta ubao hauna mtu, nusu ya pili imelowa chapachapa na maji yamejaa pale penye umbo la mtu aliyeketi, ilhali upande wake ni mkavu. Kwamba alipiga kasia kama kichaa akamkuta Zabloni ameviringisha mkono mmoja kwenye matete, maji yakiwa kidevuni, viatu vya mvua vikimvuta chini. Ndoana ya Zabloni ilikuwa imenasa kwenye mizizi, akainama kuinasua, akateleza. Kile kishindo kilikuwa ni yeye. Alikuwa hajui kuogelea, mabonde yetu hayafundishi hilo.

Zabloni aliletwa nyumbani saa tatu. Mdomo wake ulikuwa wa buluu. Mama alimfunika kwa mablanketi yote tuliyokuwa nayo, tukamkanda kwa mawe ya moto yaliyofungwa kwenye matambara, na ilipofika mchana akaacha kutetemeka. Uhai ulirudi, lakini sauti haikurudi. Alikuwa ameita tangu alipoanguka, akaita mpaka koo likafa, na mtu aliyekuwa hatua kumi kutoka kwake hakusikia. Mpaka anazikwa, Zabloni alisema kwa kunong'ona. Wimbo hakuuimba tena.

Kesho yake, Ijumaa, baba mkubwa aliita kikao. Alisema wazi kwamba harusi haipo. "Mtu aliyekaa na shemeji yake ubao mmoja asijue kama ameanguka," akasema, "huyo nitampa binti yangu amjue ana njaa au ameshiba? Kikao kimekwisha."

Mdemu alikuwa ameinamisha kichwa, hajitetei. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na nawaambia ukweli, moyo wangu ulikuwa umeshaanza kumwacha. Ndipo Zabloni akainuka kitandani, akiwa amejifunga blanketi, akatoka akaketi kati yao. Ikabidi wote wainame ili wasikie.

"Baba mkubwa," akanong'ona, "tuliketi mgongo kwa mgongo. Mgongo haujui ulichoegemea."

Wazee wakatazamana. Lilikuwa neno zuri, tena limetoka kwa mwenye haki ya kulalamika. Baba mkubwa akaguna, akavuta ugoro, akasema basi, kama mwenyewe amesema hivyo, harusi iendelee. Neno hilo lilizunguka kambi zote kabla jua halijazama. Na hiyo ndiyo nusu mliyoisikia ninyi, inayosemwa kila mtu anapotaka kusamehewa bila kuulizwa zaidi.

Jioni ile ile Mdemu alinifuata nyuma ya jiko nikiwa nachambua mchele wa harusi. Alisimama, hakuketi.

"Yudita," akasema, "nina jambo. Nikikwambia unaweza ukakataa kesho, na sitakulaumu."

"Sema."

"Nilijua. Si tangu mwanzo. Lakini ubaridi ulipofika kiunoni nilijua kwamba yule si Zabloni."

Nikaweka ungo chini. "Mbona hukugeuka?"

"Samaki walikuwa wanakula."

Akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejichoma mwiba mwenyewe. "Na aliponiita nilisikia vizuri. Nilikuwa nimemshika yule wa kumi. Nilimtoa kwanza majini, Yudita. Nilimtoa, nikamtia kwenye tenga, ndipo nikageuka."

Nilitaka kumpiga na ule ungo. Nilitaka pia kulia, kwa ajili ya kaka yangu na kwa ajili yangu, kwa kuwa nilimpenda mtu huyu na sasa nilimjua. Nikamwambia, "Usiniambie mimi. Kamwambie yeye. Akisema ndiyo, nami nitasema ndiyo. Akinyamaza, rudi kwenu usiku huu huu."

Tukaingia wote wawili. Zabloni alikuwa ameegemea ukuta. Mdemu alipiga magoti, akayasema yote tena, hakuacha hata wa kumi. Kaka yangu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ninajua," akanong'ona. "Nilikuona ukimtoa."

Mdemu akaziba uso.

"Ukungu ulipasuka kidogo," Zabloni akasema. "Nilikuona wewe. Na nyuma yako nilimwona mtu ameketi, amevaa koti kama langu, ameinamisha kichwa, maji yanamtoka. Nikaita, ukawa hugeuki. Nikajisemea, Mdemu ana mwenzake, hanihitaji. Nikaacha kuita. Nilikuwa nimeshaanza kuachia matete. Sijui kwa nini nikaita mara moja ya mwisho. Labda kwa sababu neno shemeji lilikuwa bado jipya mdomoni."

Nilimshika kaka yangu mkono, na ulikuwa wa moto, nashukuru Mungu kwa moto huo mpaka leo.

Mdemu akauliza, "Basi kwa nini uliwaambia mgongo haujui?"

"Nilisema mgongo," Zabloni akajibu. "Sikusema wewe."

Kisha akamwekea mkono kichwani, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kuniambia ndiyo. Ndivyo nilivyoolewa.

Siku ya harusi shangazi zangu wakadai besi wao, kwa vigelegele na matusi ya utani wa harusini. Mdemu akaleta sahani yenye samaki wawili. Wakaguna, wakauliza wanane wako wapi, kwa sababu tenga zima lilionekana likipita kambini. Akasimama mbele ya watu. Akasema wale wanane hakuna aliyewaona, kwa hiyo amewazika, na kwamba hata wa kumi, aliye mkubwa kuliko wote, amemzika kwa mikono yake. Halafu akaeleza kwa nini. Mtu mwenye haya kama yule, aliyaeleza yote mbele ya wakwe. Baba mkubwa akataka kuinuka, Zabloni akamshika shati.

Mwishoni Mdemu akasema, "Shemeji yangu alinifunika kwa neno zuri. Lakini neno lile lina miguu miwili, naye alinipa mmoja akaniachia nitafute mwingine. Mgongo haujui ulichoegemea. Shingo ipo."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Shangazi mmoja alichukua sahani ile ya samaki wawili, akawagawia wazee vipande vidogo vidogo, na wote wakala.

Tangu siku ile Mdemu hakuvua tena mgongo kwa mgongo na mtu. Yeye na Zabloni waliketi wakitazamana, miaka thelathini, na besi walipata wachache mno. Hilo kovu la shavuni mnaloliona pale pichani ni ndoana ya Zabloni. Hata humu ndani, tukilala, aliniomba nigeukie upande wake, na usiku wa baridi aliniwekea kiganja usoni kuhakikisha ni mimi. Sikumcheka kwa hilo.

Koti alilovaa Mdemu siku ile ndilo hilo linaloning'inia nyuma ya mlango. Yeye hakuingia majini, mnakumbuka. Nimelifua, nimelianika juani kila kiangazi tangu nikiwa bibi harusi. Mikono yake ni mikavu, mifuko ni mikavu. Mgongo wake haujawahi kukauka.

Kindole, mbona umesimama? Umeliegemea tangu nilipoanza, na hukuhisi kitu. Haya, limekulowesha shati, usijali, litakauka karibu na moto. Au halitakauka, sijui. Kaa nikuulize jambo moja, tena unijibu taratibu. Mgaya amekula nini leo?

Hujui. Na jana?

Basi chukua bakuli hili la maharage, na viazi hivi vilivyoiva, funika kwa kanga yangu mvua isiingie. Ukifika usiweke mlangoni ukaondoka. Ingia, kaa mbele yake, umtazame usoni mpaka amalize. Na kesho kwenye mizani msimamizi akikuuliza, mjibu methali yote, kwa kuwa sasa unaijua. Mgongo haujui ulichoegemea. Shingo ipo.